Servo yako haijafa: kusoma dalili kabla ya kununua nyingine

"Mwalimu, hii nayo imekufa."

Kila Jumamosi ninapokaa na vijana wa sekondari wanaojenga roboti, sentensi hiyo naisikia angalau mara moja. Kijana ananikabidhi kiboksi cha bluu kinachoenea kiganjani, na moyoni ameshapiga hesabu ya nauli ya kwenda Kariakoo kutafuta kingine. Ni servo, mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza na kukaa hapo. Siku moja niliwaomba waniletee servo zote walizokuwa wamezitupa kwenye ndoo tangu muhula uanze. Zilikuwa kumi na moja. Nikazipima moja baada ya nyingine kwa umeme wa uhakika na programu fupi. Nane zilifanya kazi kama mpya.

Zile nane zilikuwa zimepewa kazi isiyo yao au zimenyimwa umeme, na zote zilikuwa zimelalamika kabla ya kutupwa. Malalamiko ya servo yana lugha yake. Kutetemeka kuna sababu zake, kunguruma kuna zake, na mlio wa gia unasema jambo jingine kabisa. Ukiisikia lugha hiyo utajua cha kurekebisha, tena utajua ulichopaswa kuuliza dukani kabla hujatoa pesa. Ndiyo maana naanza na dalili, halafu narudi nyuma hadi kwenye uchaguzi.

Mfano nitakaoshika ni mkono wa roboti wenye viungo vinne: kitako kinachozunguka, bega, kiwiko, na koleo la kushikia. Karibu kila anayeanza huujenga kwa namna moja au nyingine. Mkono wa MeArm, unaotumia servo nne za gramu 9, ni mmojawapo unaojulikana sana.

Kabla ya dalili, kumbuka kilichomo ndani ya kile kiboksi. Kuna mota ndogo, safu ya gia zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu, volyumu kama ile ya redio iliyoshikana na shafti, na sakiti ndogo. Bodi yako, yaani kompyuta ndogo ya roboti kama Arduino Uno, hutuma pigo la umeme kila baada ya milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 lina maana ya katikati. Likiwa fupi zaidi shafti inaenda upande mmoja, likiwa refu zaidi inaenda upande wa pili. Sakiti husoma volyumu, hulinganisha mahali shafti ilipo na mahali ilipoagizwa, kisha huisukuma mota hadi tofauti iishe. Kila ugonjwa ninaoueleza hapa ni hitilafu mahali fulani katika mzunguko huo.

Kwanza, itenge na roboti

Usianze kwa kubadilisha programu. Fungua servo kutoka kwenye mkono wa roboti na uilaze mezani bila mzigo wowote. Ipe volti 5 kutoka chanzo chake peke yake; kwa servo moja ndogo, chaja ya kawaida ya simu ya ampea 2 inatosha, ilimradi umehakiki chanya na hasi kwa mita kabla ya kuunganisha. Hasi ya chaja iungane na hasi ya bodi. Waya wa ishara uende kwenye pini moja. Kisha agiza digrii 60, halafu 90, halafu 120, na pumziko la sekunde moja kati yake. Acha 0 na 180 kwa sasa, nitaeleza kwa nini.

Kwenye SG90, ile servo ndogo ya gramu 9, na nyingi za jamii yake, waya wa kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, na wa rangi ya chungwa ni ishara. Kampuni nyingine hutumia nyeusi, nyekundu na nyeupe au njano. Nyekundu hukaa katikati, kwa hiyo ukichomeka kinyume huwa umebadilishana hasi na ishara tu, na kwa kawaida servo haiungui. Inanyamaza.

Ikicheza vizuri mezani, iamini. Tatizo liko kwenye umeme, mzigo au programu ya roboti yenyewe.

Bodi inazimika na kuanza upya servo inapojongea

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Kijana anaona servo inatikisika mfululizo, anadhani servo ni mbovu, kumbe bodi ndiyo inayozaliwa upya kila nusu sekunde. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Volti inaanguka, kichakato cha bodi kinazima, volti inarudi, programu inaanza mwanzo, inaiagiza servo tena, volti inaanguka tena. Kujua ni rahisi: mwanzoni kabisa mwa programu, iwashe taa ya bodi mara tatu haraka. Ukiona zile taa tatu zinajirudia wakati servo inahangaika, umepata jibu.

SG90 ikikwama huvuta karibu miliampea 700. MG996R, ile kubwa ya gramu 55, huweza kuvuta ampea 2.5 kwa volti 6. Sasa tazama wanakozichomeka. Arduino Uno inayopata umeme kwa waya wa USB ina fyuzi ya miliampea 500, na bodi yenyewe inakula sehemu yake. Servo moja isiyo na mzigo inaweza kuvumilia hapo. Mbili ni kubahatisha. Nne hazitawezekana.

Kuna vyanzo vinavyoonekana vinafaa na havifai. Betri ya mraba ya volti 9 ndiyo ya kwanza: ilitengenezwa kwa vitu vinavyokunywa umeme kidogo sana, na ukiidai nusu ampea volti yake inazama. Wanaoipitisha kwenye tundu la Arduino wanaongeza hasara, maana regyuleta ya bodi, yaani kidhibiti chake cha volti, inazigeuza zile volti 4 za ziada kuwa joto. Ya pili ni tundu la volti 5 kwenye moduli ya L298N, ile ya kuendeshea mota za magurudumu. Imeandikwa 5V, kwa hiyo watu wanadhani ni bomba la maji lisilokauka. Regyuleta iliyopo pale ni ya nusu ampea, imewekwa kwa ajili ya kulisha sakiti ya moduli na pengine bodi ndogo. Ukiifungia servo mbili, magari mengi ya roboti niliyoyaona yanasimama hapo hapo.

Pawabenki nayo ina tabia yake. Nyingi hujizima zikiona mkondo umekuwa mdogo sana, kwa sababu zinadhani simu imeshajaa. Roboti inafanya kazi dakika moja, inatulia, halafu inazimika yote bila kuguswa. Kama ndivyo inavyokufanyia, usiguse servo.

Halafu kuna kosa la upande wa pili: betri mbili za lithiamu za 18650 kwa mfuatano, moja kwa moja kwenye servo. Zikijaa zinatoa volti 8.4. SG90 ni ya volti 4.8 hadi 6. Itacheza kwa kasi ya kupendeza siku ya kwanza, kisha sakiti yake itaungua. Betri hizo ni nzuri sana, ila zipitie kwenye moduli ya kupunguza volti. Irekebishe hiyo moduli kwa bisibisi huku mita ikiwa kwenye matokeo, hadi usome 5.0, *ndipo* uunganishe servo. Nimeona servo nne zikifa kwa pamoja kwa sababu mtu aliunganisha kwanza akarekebisha baadaye, na hizo zilikufa kweli. LM2596 imeandikiwa ampea 3, lakini bila kipozajoto mimi siipitishi 2 kwa muda mrefu. Kwa mkono wenye MG996R begani, tafuta moduli ya ampea 5.

Hesabu ya umeme ifanye kabla ya kununua. Jumlisha mkondo wa kukwama wa kila servo: bega 2.5, kiwiko 0.8, kitako 0.8, koleo 0.7. Ni ampea 4.8. Zote hazikwami kwa wakati mmoja kila siku, lakini siku mkono utakapogonga ukuta zitakwama, na siku hiyo hutaki bodi yako ipoteze fahamu. Chanzo cha volti 5 na ampea 5 kinakaa vizuri hapo. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000 kati ya chanya na hasi, karibu na servo, ili ichangie ule mkondo wa ghafla. Kapasita hizo zina upande: mstari wenye alama ya kutoa ni wa hasi, ukigeuza inaweza kupasuka.

Bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu) na waya za jampa za kuunganishia ni sehemu ya tatizo pia, hata kama chanzo ni kizuri. Vibanio vya ndani havikuundwa kubeba ampea kadhaa, na waya wa jampa ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa plastiki yake. Pima volti kwenye servo yenyewe inapofanya kazi, usipime kwenye chaja tu. Ukisoma 5.1 kwenye chaja na 4.2 kwenye servo, zile volti 0.9 zimeliwa njiani. Njia kuu ya umeme ilehemu kwa waya mnene. Kwa sisi wa pwani kuna nyongeza: pini za jampa zilizokaa mwaka mzima kwenye hewa ya chumvi hushika kutu, na mguso wake unakuwa wa wasiwasi.

Hata programu inaweza kusaidia umeme. Badala ya kuagiza servo zote nne ziruke pamoja kutoka 0 hadi 150, zisogeze digrii moja moja na milisekunde 15 kati ya hatua, na ziamshe moja baada ya nyingine roboti inapowashwa.

Inatetemeka hata ikiwa imesimama

Kama umeme umeshahakikiwa, angalia hasi. Servo yenye betri yake na bodi yenye betri yake lazima zishirikiane waya wa hasi. Bila hivyo pigo la ishara halina pa kupimiwa, na servo inasoma upuuzi. Hili ndilo kosa la kawaida kabisa la mtu aliyesikia "tenganisha umeme" akatenganisha kila kitu.

Baada ya hapo, itazame programu. Kwenye Arduino Uno, maktaba (programu zilizoandikwa tayari) zinazoendesha taa za rangi za mkanda huzuia kwa muda shughuli nyingine za kichakato, na mapigo ya servo yanachelewa kidogo. Mikrosekunde chache tu za ucheleweshaji zinatosha shafti ionekane ina homa. Kwenye Raspberry Pi, mapigo yanayotengenezwa na programu ya kawaida ya Python hayana utulivu, kwa kuwa kompyuta ile ina mambo mengine mengi ya kufanya. Dawa nzuri ya yote mawili ni bodi ndogo ya PCA9685: inatengeneza mapigo yenyewe kwa servo 16, wewe unaipelekea namba tu. Katika milisekunde 20 ina hatua 4096, yaani hatua moja ni karibu mikrosekunde 5, chini ya nusu digrii kwa servo nyingi. Kwa mkono wa hobi hiyo inatosha kabisa.

Kama servo inatetemeka kwenye pembe moja tu, tuseme kati ya digrii 88 na 93, na kwingine imetulia, basi mkeka wa volyumu ya ndani umechakaa pale. Mara nyingi ni pale ambapo roboti hukaa muda mwingi. Hapo servo kweli imezeeka. Unaweza kuihamishia kwenye kazi isiyopita pembe hiyo, au geuza kijiti chake, kile kinachofungwa juu ya shafti, ili mkono utumie sehemu nyingine ya mzunguko.

Na kama mkono mrefu unayumba mbele na nyuma kama mnazi kwenye upepo kila unapofika, tena polepole, hiyo ni uzito. Servo inafika, mzigo unaipitisha, inarudi, inapitishwa tena. Fupisha mkono au punguza kasi ya kufika.

Inanguruma, inapata moto, mkono unashuka

Hapa ndipo uchaguzi mbaya hujidhihirisha. Servo inayonguruma imeagizwa kukaa mahali, mzigo unaivuta kutoka hapo, na inasukuma bila kufika. Ngurumo ndogo ukiwa na mzigo ni kawaida. Ngurumo isiyokoma, pamoja na ganda linalochoma kidole, ni mota inayopikwa.

Nguvu ya servo, ambayo mafundi huiita torki, huandikwa kwa kilo-sentimita. SG90 imeandikiwa 1.8 kwa volti 4.8. Maana yake ni kwamba kijiti cha sentimita moja kinaweza kushikilia kilo 1.8, kijiti cha sentimita kumi gramu 180 tu. Na hiyo ni nguvu ya *kukwama*, yaani pale mota imeshashindwa kusogea na inavuta mkondo wake wote. Hakuna servo inayopaswa kuishi hapo. Mimi huchukua theluthi moja ya namba iliyoandikwa kwa kiungo kinachobeba muda wote, na nusu kwa kiungo kinachobeba kwa muda mfupi.

Tupige hesabu ya mkono wetu. Kila kipande, bega hadi kiwiko na kiwiko hadi koleo, kina sentimita 12. Koleo na servo yake lina gramu 40, na tunataka kuinua kitu cha gramu 50. Kipande cha mbele kina gramu 40, cha nyuma gramu 60, servo ya kiwiko gramu 15. Hali mbaya zaidi ni mkono ukiwa umenyooka sambamba na meza.

Kiwiko: gramu 90 kwa sentimita 12 ni 1.08. Uzito wa kipande chenyewe unahesabiwa katikati yake, gramu 40 kwa sentimita 6, ni 0.24. Jumla 1.32 kilo-sentimita. SG90 ina 1.8. Kwenye karatasi inatosha, na ndiyo maana watu wanainunua. Lakini hiyo ni asilimia 73 ya kukwama kwake. Itanguruma, itapata moto, na baada ya wiki chache gia zake za plastiki zitaanza kuliwa.

Bega: gramu 90 kwa sentimita 24 ni 2.16. Kipande cha mbele, gramu 40 kwa sentimita 18, ni 0.72. Servo ya kiwiko, 15 kwa 12, ni 0.18. Kipande cha nyuma, 60 kwa 6, ni 0.36. Jumla 3.42. Hapo SG90 haina nafasi, wala MG90S yenye gia za chuma, maana hiyo nayo ina 1.8 kwa volti 4.8 na 2.2 kwa volti 6. Hili naomba lisomwe mara mbili: gia za chuma hazimaanishi nguvu zaidi. Zinamaanisha meno yasiyokatika upesi. MG996R, yenye 9.4 kwa volti 4.8, inabeba bega hilo kwa kama asilimia 36 ya uwezo wake, karibu kabisa na theluthi yangu.

Lakini kabla ya kukimbilia servo kubwa, fupisha mkono. Vipande vya sentimita 8 badala ya 12, na kipande cha mbele cha gramu 30, vinashusha kazi ya kiwiko hadi 0.84, chini ya nusu ya SG90. Sentimita nne zimefanya kazi ya kubadilisha servo. Njia nyingine ninayoipenda ni rababendi, zile za kufungia pesa: zifunge zivute mkono juu kidogo begani, nusu ya uzito inabebwa na mpira na servo inabaki na kazi ya kuongoza. Vijana hufurahi sana wanapoona mkono uliokuwa unanguruma umenyamaza kwa kitu cha shilingi chache.

Kitako ni jambo tofauti. Hakiinui chochote, kinazungusha tu, kwa hiyo torki ndogo inatosha. Tatizo lake ni uzito wote wa mkono unaolalia shafti ya servo upande mmoja. Weka beringi, au hata duara la plaiwudi lililopakwa nta linaloteleza juu ya jingine, ili shafti izungushe bila kubeba.

Namba zenyewe nazo zihakikishe. MG996R zinazouzwa mitaani nyingi ni za kuiga na hazifiki 9.4. Kipimo ni rahisi: chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa karibu nusu kilo. Itundike kwa uzi sentimita 4 kutoka katikati ya shafti, ni 2 kilo-sentimita. Ongeza chupa, au sogeza uzi mbele, mpaka servo ishindwe kuinua. Fanya haraka, usiiache imekwama zaidi ya sekunde moja au mbili, kisha andika namba uliyoipata kwa kalamu juu ya ganda. Hiyo ndiyo namba ya kupigia hesabu.

Inagonga mwisho, au haifiki mwisho

Ukiagiza 0 au 180 na servo inanguruma bila mzigo wowote, inasukuma kizuizi chake cha ndani. Maktaba ya kawaida ya Arduino hutafsiri 0 kuwa pigo la mikrosekunde 544 na 180 kuwa 2400, lakini kila servo ina mipaka yake, hata mbili za boksi moja. Ndiyo maana mwanzoni nilikuambia uache ncha. Tumia `writeMicroseconds`, anza 1500, shuka kwa hatua za 20 hadi usikie ngurumo, rudi hatua mbili, andika. Fanya hivyo juu pia. Namba hizo mbili ziweke kwenye `attach` baada ya pini, na servo yako itaacha kujiumiza.

Ikiruka ghafla roboti inapowashwa, iandikie pembe ya kuanzia kwa `write` kabla ya `attach`, na uifunge mitambo yako ili pembe hiyo iwe mkao wa kupumzika.

Inazunguka bila kusimama

Hiyo ni servo ya mzunguko kamili, inayouzwa kama ya digrii 360. Ganda lake ni lile lile, pengine hata karatasi iliyobandikwa ni ile ile. Kwake pigo halimaanishi pembe, linamaanisha kasi na upande: 90 ni kusimama. Kwa gurudumu ni nzuri, kwa kiwiko haifai hata kidogo, na hakuna programu itakayoigeuza. Dukani, zungusha kijiti taratibu kwa vidole ikiwa haina umeme. Ya 180 itagota mwisho. Ya 360 itaendelea kuzunguka.

Inalia tak-tak na kuteleza

Meno ya gia yamekatika. Fungua skrubu nne ndefu za chini, inua kifuniko cha juu, utaona jino lililotoka. Gia za SG90 huuzwa kwa seti, lakini ukizilinganisha na bei ya servo nzima mara nyingi haina maana, isipokuwa una servo nyingine iliyoungua sakiti na gia zake nzima. Hifadhi kila maiti kwa ajili hiyo. Sababu za meno kukatika ni mbili: mkono uligonga kitu, au mtu aliusukuma kwa nguvu ukiwa umewashwa. Koleo na kiwiko ndivyo vinavyogongwa zaidi, kwa hiyo kiwiko ndicho cha kwanza kupewa gia za chuma. Kabla hujalipa, ipime kwenye mizani ya jikoni: MG90S ina karibu gramu 13.4, SG90 gramu 9. Ikiandikwa chuma na kusoma 9, gia zake ni za plastiki.

Kimya kabisa

Kama umetumia PCA9685, ina njia mbili za umeme: VCC inalisha kichakato, V+ inalisha servo. Wengi huunganisha VCC pekee, taa inawaka, servo hazitikisiki. Kama unatumia Uno, hakikisha plagi haikugeuzwa. Kama ni bodi ya ESP32, ishara yake ni ya volti 3.3, na servo ndogo nyingi huikubali. Chache zenye kiburi huhitaji kipandishi cha ishara hadi volti 5. Ikibaki kimya mezani, kwa umeme mzuri, na hujasikia hata ngurumo, hiyo imekufa.

Kuna moja inayofanana na kifo na si kifo cha servo: umeongeza servo kwenye gari la roboti, servo inacheza, na ghafla mota za magurudumu zimepoteza udhibiti wa kasi. Kwenye Uno, maktaba ya servo inachukua saa ya ndani inayotumiwa na pini 9 na 10 kwa `analogWrite`, agizo linalodhibiti kasi ya mota. Hamishia mota kwenye 5 na 6.

Ukirudi dukani

Kwa mkono wetu wa sentimita 12 ningetoka na MG996R moja ya bega, MG90S mbili za kiwiko na kitako, SG90 moja ya koleo, PCA9685, kapasita, na chanzo cha volti 5 na ampea 5. MG90S ya kiwiko ingebaki na asilimia 73 ile ile ya torki, kwa hiyo rababendi zingefungwa kiwikoni pia, au kipande cha mbele kingekatwa hadi sentimita 8.

Zingatia vijiti vyake. Shafti ya MG996R ina meno 25, kama za Futaba; Hitec nyingi zina 24, na SG90 ina shafti nyembamba zaidi. Kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine, na kukilazimisha kwa gundi ni kuua shafti. Nunua vijiti vya alumini vya meno 25 kwa ajili ya bega siku hiyo hiyo, pamoja na ile skrubu ndogo ya katikati ambayo kila mtu huipoteza.

Muuzaji akiwa na kile kifaa kidogo cha kujaribia servo, chenye kifundo cha kuzungusha, mwombe azijaribu mbele yako zote, moja moja, kutoka ncha hadi ncha. Sikiliza zaidi kuliko unavyotazama. Inayokwaruza, iache mezani. Zikifika nyumbani, ziandikie tarehe na mipaka yake ya mikrosekunde kabla hazijaingia kwenye roboti, maana zikishafungwa skrubu hakuna atakayezifungua tena kuzipima.